Mwenge, Bendera na Ngoma: Uhakiki wa Ishara na Jadi za Sherehe za Michezo ya Olimpiki kwa Mtazamo wa Nyanda za Kati za Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ishara na jadi za sherehe za Michezo ya Olimpiki, hususan mwenge, gwaride la mataifa, kauli mbiu na wimbo wa taifa, kwa kuzitazama kutoka Dodoma na nyanda za kati za Tanzania. Uhakiki umetokana na usomaji wa matini za aina nne: utaratibu wa sherehe kama unavyoelekezwa na Hati ya Olimpiki, kumbukumbu za umma za mbio za mwenge wa Olimpiki zilizofanyika Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, utaratibu wa Mwenge wa Uhuru, na maandishi ya kiethinografia kuhusu matambiko na ngoma za Wagogo. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Semiotiki pamoja na dhana ya jadi iliyobuniwa. Imebainika kuwa maana ya ishara ya sherehe haikai ndani ya kifaa chenyewe, bali hutokana na nani anakigusa, kinapita njia gani na nani ana uwezo wa kukikataa. Aidha, imebainika kuwa sherehe ya Olimpiki imejengwa kubeba heri pekee, hali inayoifanya ikose lugha ya kushughulikia shari inayoambatana nayo. Makala yanahitimisha kuwa jadi za nyanda za kati zina mchango wa kifikra katika uelewa wa sherehe za michezo ya kimataifa, zaidi ya kuwa pambo la ufunguzi.

Maneno muhimu: ishara, sherehe, mwenge, Olimpiki, Wagogo, jadi iliyobuniwa

1.0 Utangulizi

Kwa kila Michezo ya Olimpiki ya Kiangazi, moto huwashwa kwa miale ya jua huko Olympia, Ugiriki, kisha hupokezanwa hadi mji mwenyeji na kuwasha chombo kikubwa. Kwa watazamaji wa nchi nyingi, moto huo ni jambo linalokuja na michezo na kuondoka nayo. Kwa mtazamaji wa Dodoma hali ni tofauti. Mbio za Mwenge wa Uhuru zilianza mwaka 1964, na wakazi wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na Jiji la Dodoma wamezoea kuupokea, kuukesha na kuukabidhi kwa wenzao. Kabla ya kuuona mwenge wa Olimpiki katika runinga, mtazamaji huyu tayari ana sarufi ya mwenge. Anajua kuwa moto hukimbizwa, kwamba hupokewa kwa ngoma, na kwamba una mamlaka fulani mahali unapopita.

Sehemu kubwa ya uhakiki wa sherehe za Olimpiki imeanzia Ulaya na Marekani Kaskazini, na imezitazama nchi za Afrika kama washiriki wa gwaride, si kama jamii zenye jadi za sherehe zinazoweza kuihoji Olimpiki yenyewe. Makala haya yanageuza mwelekeo huo. Yanaongozwa na maswali matatu. Kwanza, ishara za Olimpiki zilijengwaje hadi zikaonekana kuwa za kale? Pili, ishara hizo zilibeba maana gani zilipofika Tanzania? Tatu, sarufi ya sherehe iliyopo nyanda za kati inaonesha nini ambacho protokali ya Olimpiki haikioni?

Maswali haya yana uzito wa wakati. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, uamuzi uliotangazwa Septemba 2023. Sherehe za michezo hiyo zitahitaji ishara. Kama hakuna uhakiki unaotangulia, yapo mashaka kuwa ishara hizo zitaazimwa kutoka kwingine na kuvikwa ngozi, njuga na vibuyu vya hapa.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki umetumia Nadharia ya Semiotiki. Kwa mujibu wa Ferdinand de Saussure, ishara ina sehemu mbili: kiashiria, yaani umbo linaloonekana au kusikika, na kiashiriwa, yaani dhana inayobebwa na umbo hilo. Uhusiano kati ya sehemu hizi mbili ni wa makubaliano ya jamii. Roland Barthes aliendeleza hoja hiyo kwa kuonesha kuwa ishara kamili inaweza kufanywa kiashiria cha maana nyingine ya juu zaidi, na kwamba katika ngazi hiyo ya pili historia hugeuzwa ionekane kuwa maumbile. Hoja ya Barthes ndiyo yenye manufaa zaidi hapa, kwa sababu sherehe za michezo hujitambulisha kana kwamba hazina mwaka wa kuzaliwa.

Nadharia hiyo imeunganishwa na dhana ya jadi iliyobuniwa iliyowekwa bayana na Eric Hobsbawm na Terence Ranger katika kitabu walichokihariri mwaka 1983. Ranger alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni kilionesha jinsi magwaride, sare na vyeo vya kikoloni vilivyochukuliwa na vijana wa Afrika Mashariki na kufanywa uwanja wa mashindano yao wenyewe. Kwa hiyo, hoja kwamba sherehe za kigeni zinaweza kupewa maana mpya na wapokeaji ina mizizi katika ardhi hii.

Kutokana na misingi hiyo, uchambuzi umetumia vigezo vitatu. Kigezo cha mguso kinauliza nani anaruhusiwa kushika ishara. Kigezo cha njia kinauliza ishara inapita wapi na inaacha wapi. Kigezo cha ukataaji kinauliza nani anaweza kusema hapana: mtu kuikataa ishara, au ishara kukikataa kitu.

3.0 Jadi Yenye Tarehe: Protokali ya Olimpiki

Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo inachukulia kuwa mila imekuwapo kabla ya anayeiacha. Katika Olimpiki, karibu kila mila ina tarehe. Pete tano zilibuniwa na Pierre de Coubertin mwaka 1913, na bendera yenye pete hizo ilipepea kwa mara ya kwanza katika michezo ya Antwerp mwaka 1920. Kiapo cha wanamichezo kilisomwa mara ya kwanza katika michezo hiyohiyo. Moto ulianza kuwashwa uwanjani Amsterdam mwaka 1928. Mbio za kupokezana mwenge kutoka Olympia zilianza mwaka 1936, kwa ubunifu wa Carl Diem, kuelekea Berlin iliyokuwa chini ya utawala wa Hitler. Wimbo wa Olimpiki ulitungiwa michezo ya mwaka 1896 lakini ulifanywa rasmi mwaka 1958.

Tarehe hizi hazitolewi ili kuidhihaki Olimpiki. Mila zote ziliwahi kuwa mpya. Suala la kihakiki ni jinsi tarehe zinavyofichwa. Mabinti waliovaa mavazi ya kale wanapowasha moto mbele ya magofu ya hekalu la Hera, kiashiria kinadai umri wa karne nyingi, ilhali mbio zinazofuata ni za 1936. Hapa ndipo maelezo ya Barthes yanapothibitika: moto wa Olympia unafunika moto wa Berlin. Jadi hiyo ilizaliwa katika propaganda, ikasafishwa kwa kurudiwa.

Gwaride la mataifa nalo linahitaji kusomwa kwa makini. Ugiriki hutangulia, mwenyeji hufunga, na wengi wa waliobaki hufuata herufi za lugha ya nchi mwenyeji. Umbo hili linadai usawa: nchi yenye mwanamichezo mmoja na nchi yenye mamia hupita mlango mmoja. Lakini gwaride pia ni rejista ya majina, na majina hubadilika. Tanganyika ilionekana kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, tarehe 10 hadi 24 Oktoba 1964. Wakati huo Muungano na Zanzibar ulikuwa na umri wa miezi takribani sita, na jina Tanzania lilipitishwa tarehe 29 Oktoba, siku tano baada ya michezo kufungwa. Hivyo, jina lililoandikwa kwenye rekodi za Olimpiki lilikuwa la dola ambayo haikuwapo tena katika umbo hilo. Katika michezo hiyohiyo, majirani wa Rhodesia ya Kaskazini waliingia kwa jina la kikoloni siku ya ufunguzi na kutoka kama Zambia siku ya kufunga, kwa kuwa uhuru wao uliangukia tarehe 24 Oktoba. Mifano hii miwili inaonesha sura mbili za protokali: mara moja ilichelewa nyuma ya historia, mara moja ilikwenda nayo hatua kwa hatua.

Kauli mbiu inazua suala la lugha. Maneno ya Kilatini *Citius, Altius, Fortius* hutafsiriwa kwa kawaida kuwa kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi. Kiswahili kinafichua jambo ambalo Kilatini kinalipitisha kimyakimya. Neno zaidi huita kuliko. Msikilizaji hubaki akiuliza, zaidi ya nani? Zaidi ya mpinzani, au zaidi ya nafsi ya jana? Kauli hiyo ilikaa bila kijalizo tangu 1894 hadi Julai 2021, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoongeza neno lenye maana ya pamoja. Nyongeza hiyo inaweza kusomwa kama jibu la kuchelewa: ulinganishi usio na mpaka ulihitaji neno la kuufunga. Ni vyema kutambua kuwa neno hilohilo, pamoja, ndilo lililochaguliwa kuwa jina la ombi la nchi tatu za Afrika Mashariki kwa ajili ya mwaka 2027. Neno ambalo Olimpiki iliongeza mwishoni, waombaji wa Afrika Mashariki waliliweka mwanzoni.

4.0 Njia kama Sentensi: Dar es Salaam, 13 Aprili 2008

Mwenge wa michezo ya Beijing ulipozunguka dunia mwaka 2008, Dar es Salaam ndio mji pekee wa Afrika uliopitiwa. Mbio zilianzia stesheni kuu ya TAZARA na kuishia katika uwanja mpya wa taifa, mwendo wa kilomita 5 hivi. Makamu wa Rais wa wakati huo, Ali Mohamed Shein, ndiye aliyeuwasha mwenge.

Kwa kigezo cha njia, mwendo huo ni sentensi yenye kiima na kiarifu. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, wakati mataifa ya Magharibi yalipokataa kuigharamia. Uwanja wa taifa ulijengwa kwa msaada wa China na kukamilika mwaka 2007. Kuutembeza moto kutoka kimoja hadi kingine ni kusema, bila kutamka, kwamba urafiki ulioanza na reli umefika kwenye uwanja. Kiashiria kilikuwa cha Olimpiki. Kiashiriwa cha ngazi ya pili kilikuwa cha diplomasia. Mtanzania anayekumbuka reli hiyo alivyoipokea taifa zima hakuhitaji kufasiriwa.

Kwa kigezo cha mguso, miongoni mwa walioshika mwenge siku hiyo alikuwamo John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu aliyekimbia mbio ndefu za Mexico mwaka 1968. Mkono wake uliipa mwenge kitu ambacho njia haikuweza kuupa, yaani kumbukumbu ya mwanamichezo badala ya kumbukumbu ya serikali. Sehemu ya 7.0 inalirejea jambo hili.

Kigezo cha ukataaji kilitimizwa na Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, aliyekuwa katika orodha ya wabeba mwenge wa Dar es Salaam na akajitoa kwa sababu ya hali ya haki za binadamu Tibet. Kutokuwapo kwake kulikuwa ishara. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Inafaa kulinganisha tukio hilo na kutokuwapo kwa Tanzania yenyewe katika michezo ya Montreal mwaka 1976, pale nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zilipogoma kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.16 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Pengo katika gwaride lilisema kwa sauti kubwa kuliko bendera, lakini gharama yake ililipwa na miguu ya mtu mmoja katika miaka yake bora. Uhakiki wa ishara usiosema gharama hiyo huwa umesoma nusu ya matini.

5.0 Moto Unaokagua: Mwenge wa Uhuru Nyanda za Kati

Mwezi Oktoba 1959, Julius Nyerere alieleza mbele ya Baraza la Kutunga Sheria nia ya Watanganyika ya kuweka mwanga juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka na kuleta matumaini, upendo na heshima palipokosa vitu hivyo. Katika hotuba hiyo ya Kiingereza alitaja mshumaa. Kilichowashwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961, kimejulikana katika Kiswahili kuwa mwenge. Tofauti ya maneno haya mawili ina maana kubwa. Mshumaa hukaa, huwekwa mezani au madhabahuni na kumulika waliokusanyika. Mwenge, kwa asili tita la nyasi au makuti lililowashwa, ni taa ya anayetembea usiku. Pengine ndiyo sababu moto wa Kilimanjaro haukuweza kubaki kileleni. Neno lenyewe lilikuwa na safari ndani yake.

Msamiati wa mapokezi unathibitisha hoja hii. Mwenge wa Uhuru hukabidhiwa, haupokezanwi tu. Kupokezana ni tendo la wakimbiaji walio sawa. Kukabidhi ni tendo la dhamana, linalomfanya mpokeaji awajibike. Mkuu wa mkoa anayeukabidhi kwa mwenzake mpakani hutaja wilaya ulizopita, kilomita ulizokimbizwa na miradi uliyoipitia. Hapo mwenge huwa sehemu ya hesabu.

Tofauti kubwa kati ya moto huu na ule wa Olympia inaonekana katika kigezo cha ukataaji. Mwenge wa Uhuru huweka mawe ya msingi na kuzindua visima, madarasa, zahanati na barabara. Imekuwa kawaida kusikika kwamba mwenge umekataa kuzindua mradi kwa sababu ya ubovu wa kazi au mashaka katika matumizi ya fedha. Kisarufi, kiima cha sentensi hiyo ni mwenge, si kiongozi wa mbio. Ishara imepewa utashi. Mwenge wa Olimpiki hauna uwezo huo: unapita njia iliyopangwa na hauwezi kulikataa jiji, uwanja wala serikali. Mwaka 1936 ni ushahidi wa kutosha.

Hata hivyo, hoja hii isichukuliwe kuwa sifa tupu. Kwa kigezo cha mguso, Mwenge wa Uhuru hushikwa zaidi na viongozi na wakimbiza mwenge waliovaa sare, huku mwananchi wa kawaida akisimama kando ya barabara. Gharama za mbio zimekuwa zikihojiwa hadharani, na wapo waliopendekeza mwenge uhifadhiwe makumbusho. Wanaoutetea hutaja umoja na msukumo wa miradi. Mjadala huo, kwa mtazamo wa makala haya, ni dalili ya afya ya ishara. Ishara inayobishaniwa bado inasomwa. Hatari huanza pale uwezo wa kukataa unapogeuka kuwa igizo, yaani mradi mbovu unaposafishwa kwa siku moja ya mwenge na kuachwa siku zinazofuata. Hapo kiashiria hubaki kikiwaka, kiashiriwa kimezimika.

6.0 Ngoma za Wagogo na Suala la Pambo

Sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ina sehemu mbili. Ya kwanza ni protokali isiyobadilishwa: gwaride, wimbo, bendera, viapo, moto, na sentensi ya ufunguzi ambayo Hati ya Olimpiki imemwandikia mkuu wa nchi neno kwa neno. Ya pili ni maonesho ya utamaduni wa mwenyeji. Mgawanyo huu una athari. Utamaduni unaruhusiwa kucheza, lakini hauruhusiwi kuamua chochote. Unatoa rangi, wakati sarufi imekwishaandikwa.

Mgawanyo huohuo umeingia katika sherehe za hapa. Vikundi vya Wagogo hualikwa Dodoma kupokea wageni na kupamba maadhimisho. Muheme, ngoma ambayo wanawake hupiga wenyewe, ilikuwa na nafasi yake katika jando na unyago. Nindo ni uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Zeze na marimba ya vidole vya Ugogo vilifikishwa katika majukwaa ya dunia na Hukwe Zawose, msanii wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, na Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Sanaa yenye uzito kama huu inapopewa dakika chache kabla ya hotuba, kinachobaki ni mdundo uliotenganishwa na kazi yake. Muheme wa jukwaani una kiashiria chote: ngoma katikati ya mapaja, shanga, mabega yanayotikisika. Kiashiriwa cha malezi ya binti kimeachwa nyumbani.

Zaidi ya upotevu huo, kuna fikra ya Kigogo inayoweza kuihoji Olimpiki. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo katika miaka ya 1960, aliandika kuhusu matambiko ya utakaso yaliyofanywa pale nchi ilipopatwa na balaa, hasa maradhi ya mifugo. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo za kuchungia, wakatenda kazi za wanaume kwa muda, kisha wakaibeba ile hali mbaya kwa ngoma hadi mpakani upande wa magharibi, wakaitupa. Tambiko hilo nalo ni mwendo wa kubeba. Lina wabebaji maalumu, mavazi maalumu, njia maalumu na mwisho maalumu. Lakini mwelekeo wake ni kinyume cha mwenge. Mwenge huleta heri kutoka mbali hadi katikati ya uwanja. Wanawake wa Kigogo waliondoa shari kutoka katikati hadi ukingoni.

Ulinganishi huu unafichua pengo. Protokali ya Olimpiki haina tendo la kuondoa shari. Inadhani kuwa kilicho kizuri kikiletwa kwa fahari ya kutosha, kibaya kitajiondoa chenyewe. Matokeo yake, shari inapotokea, sherehe hukosa mahali pa kuiweka. Wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa katika michezo ya Munich mwaka 1972. Kumbukumbu yao kwa dakika ya kimya ndani ya sherehe ya ufunguzi ilipatikana Tokyo, Julai 2021, baada ya miaka 49. Huenda ikapingwa kuwa sherehe ya michezo si mahali pa maombolezo. Pingamizi hilo linajibiwa na Ugogo yenyewe: tambiko la utakaso halikuwa maombolezo, lilikuwa ngoma, lenye kicheko na ukinzani wa majukumu ndani yake. Jamii ilicheza balaa hadi mpakani. Sherehe na shari havikutenganishwa, kwa kuwa ilikubalika kuwa hakuna heri inayodumu mahali ambapo shari haijatolewa nje.

7.0 Kumaliza na Kushinda: Akhwari na Simbu

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Mexico, wakimbiaji 75 walianza na 57 wakamaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari, aliyeanguka njiani na kuumia goti, aliingia uwanjani wa 57, zaidi ya saa moja baadaye, giza limekwishaingia na watazamaji wachache wakiwa wamebaki. Maelezo aliyoyatoa, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na siyo kuzianza tu, yamekuwa miongoni mwa kauli zinazonukuliwa zaidi katika fasihi ya Olimpiki.

Kisemiotiki, tukio hili linavutia kwa sababu halikuwa na sherehe. Nishani zilikuwa zimekwishatolewa. Hapakuwa na bendera iliyopandishwa wala wimbo. Ishara ilijengwa na mwili wenyewe: bandeji gotini, hatua ya kuchechemea, mstari wa mwisho. Baadaye harakati ya Olimpiki ilimchukua Akhwari na kumfanya kielelezo cha roho yake. Hapa mhakiki ana haki ya kuuliza maneno yale yalikuwa ya nani. Katika kinywa cha Olimpiki, yanasema kuwa kushiriki ni bora kuliko kushinda. Katika sentensi ya Akhwari, kiini ni kutumwa. Aliyetumwa ana aliyemtuma, na hurudi kutoa jibu. Hiyo ni maadili ya kukabidhiwa, ileile dhana inayouongoza Mwenge wa Uhuru, na si falsafa ya kushiriki kwa ajili ya kushiriki. Kulisoma tendo lake kama ukarimu wa aliyeshindwa ni kupunguza uzito wake.

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alishinda mbio ndefu za Mashindano ya Dunia ya Riadha huko Tokyo. Saa yake ilikuwa 2:09:48, sawa na ya Amanal Petros wa Ujerumani. Walitenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mashindano hayo si Olimpiki, lakini sarufi ya utoaji wa nishani ni moja: jukwaa, bendera tatu, wimbo mmoja. Mji ulikuwa uleule ambamo jina la Tanganyika liliandikwa mwaka 1964.

Wimbo unastahili kuangaliwa. Muziki wa wimbo wa taifa wa Tanzania ulitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, na unatumika pia katika nyimbo za taifa za Zambia na Afrika Kusini. Katika utoaji wa nishani hupigwa ala bila maneno. Hivyo kiashiria kinachosikika ni mali ya mataifa matatu. Kinachoufanya uwe wa Tanzania ni maneno ya Kiswahili, na hayo hubaki katika kinywa cha anayeyajua. Lugha ambayo haina nafasi katika protokali, inayotangaza majina ya nchi kwa Kifaransa, Kiingereza na lugha ya mwenyeji, hupata nafasi yake kimyakimya, midomoni mwa mtu anayesimama juu ya jukwaa.

Akhwari wa Mbulu na Simbu wa Singida hawapaswi kuwekwa katika mizani ya mshindi na mshindwa. Mmoja alifika bila sherehe na akageuzwa ishara. Mwingine alifikia sherehe kamili kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona bila kamera. Pande zote mbili, protokali ilikuja baada ya tendo. Miguu ilitangulia.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonesha kuwa jadi za sherehe za Olimpiki ni za karne ya 19 na ya 20, na kwamba nguvu yake inatokana na kuficha tarehe zake. Umeonesha pia kuwa ishara hizo zilipofika Tanzania hazikupokelewa na watu wasio na sarufi ya sherehe. Zilikuta moto mwingine unaokabidhiwa na kukagua, ngoma zenye kazi ya malezi, na kumbukumbu ya tambiko linaloondoa shari badala ya kuleta heri pekee. Kwa vigezo vya mguso, njia na ukataaji, mwenge wa Olimpiki umeonekana kuwa na uwezo mkubwa wa kusafiri na uwezo mdogo wa kuwajibika. Mwenge wa Uhuru una uwezo wa kuwajibika ulio hatarini kugeuka igizo, na ambao haujamfikia vya kutosha mwananchi anayesimama kando ya barabara.

Kutokana na matokeo hayo, inapendekezwa mambo mawili. Kwanza, waandaaji wa sherehe za michezo ya kimataifa nchini, ikiwa ni pamoja na zile za mwaka 2027, wawashirikishe wanajadi wa nyanda za kati katika kupanga mfuatano wa sherehe: nani aingie kwanza, nini kitolewe nje kabla ya kitu kingine kuletwa ndani, nani akabidhi na nani apokee. Kuwaalika kucheza baada ya mpangilio kukamilika ni kurudia mgawanyo uliohakikiwa katika sehemu ya 6.0. Pili, watafiti wa fasihi simulizi wachunguze nyimbo zinazoimbwa na wananchi wakati wa mkesha wa mwenge katika wilaya za Dodoma na Singida. Nyimbo hizo ndizo matini ambamo mwananchi asiyeushika mwenge hupata nafasi ya kuusemea, kuusifu au kuukosoa, na huimbwa usiku ambao taarifa rasmi ya mapokezi hauandiki.